Assassin: Jina Lililobandikwa na Adui

Leo tuweke kando programu na hitilafu zake, tufuatilie neno moja tu tangu lilikozaliwa hadi lilipotufikia. Safari ni ndefu kidogo, kwa hivyo jitilie chai kwanza.

Neno lenyewe ni la Kiingereza: assassin. Ni mtu anayemvizia mkubwa fulani na kumuua, kwa siasa, kwa dini au kwa malipo. Wanafunzi wengi hulikumbuka kwa hila moja ya tahajia: ndani yake mna punda wawili wanaofuatana, ass na ass, kisha in. Punda wawili wako ndani. Ukishaambiwa hivyo huwezi tena kukosea hesabu ya herufi s. Ni nne.

Mimi hukutana na neno hili kazini. Kwenye seva nyingi za barua pepe kuna programu iitwayo SpamAssassin, iliyotolewa na Justin Mason mwaka 2001. Imeandikwa kwa Perl, na baadaye ikaingia chini ya mwavuli wa Apache. Kila barua inayoingia hupitishwa kwenye kanuni nyingi. Kichwa cha barua kimeandikwa kwa herufi kubwa tupu? Ongeza pointi. Mtumaji anaonekana kujificha? Ongeza pointi. Jumla ikifika 5, ambacho ndicho kiwango cha kawaida kama hujakibadilisha, barua hubandikwa jina: barua taka. Kichekesho ni kwamba, pamoja na jina lake la kutisha, programu hii haiui barua yoyote. Inabandika jina tu. Kuitupa barua ni kazi ya programu nyingine, ambayo hulitazama lile jina na kuliamini.

Hivyo ndivyo ilivyo historia ya neno assassin. Ni jina lililobandikwa watu na adui zao, kisha waliokuja baadaye wakalitazama na kuliamini bila kufungua barua yenyewe. Na watu hao hawajatoweka duniani. Wako Nairobi, Mombasa, Kisumu na Dar es Salaam, na huenda umewahi kutibiwa katika hospitali yao.

Ngome na kisu

Twende Uajemi, karne ya 11. Waismaili, ambao ni tawi la Waislamu wa Kishia, walikuwa na dola kubwa lenye makao Kairo, la makhalifa wa Fatimiya. Khalifa al-Mustansir alipofariki mwaka 1094, wanawe wawili waligombania urithi: Nizar, aliyekuwa mkubwa, na al-Musta'li, aliyeungwa mkono na waziri mwenye nguvu. Mdogo akashinda. Nizar akafungwa na kuuawa. Waismaili wa Uajemi walikataa matokeo hayo. Kwao imamu wa haki alikuwa Nizar na kizazi chake, na ndiyo maana wakaitwa Wanizari.

Kiongozi wao Uajemi alikuwa Hassan-i Sabbah. Miaka minne kabla ya mfarakano huo, mwaka 1090, alikuwa ameitwaa ngome ya Alamut katika milima ya kaskazini, tena bila vita. Watu wake waliingia kidogo kidogo, wakakaa kama wakazi wa kawaida, mpaka siku mwenye ngome alipogundua kwamba ngome si yake tena. Yeyote anayefanya kazi ya usalama wa mitandao ataitambua mbinu hiyo mara moja :-)

Tatizo la Hassan lilikuwa hesabu. Dola la Waseljuki lililotawala Uajemi lilikuwa na majeshi makubwa. Yeye alikuwa na ngome chache na watu wachache. Hangeweza kukutana na Waseljuki uwanjani. Kwa hivyo akachagua njia nyingine: badala ya kupigana na jeshi, amwondoe mtu mmoja anayeliongoza. Tarehe 14 Oktoba 1092, Nizam al-Mulk, waziri mkuu wa Waseljuki na mmoja wa watu wenye nguvu kuliko wote katika zama zake, alichomwa kisu na mtu aliyejifanya Sufi.

Kumbukumbu zilizotoka Alamut zinaorodhesha mauaji karibu 50 katika miaka 34 ya uongozi wa Hassan, hadi alipofariki mwaka 1124. Sisemi kwamba ni wachache, wala sisemi walikuwa malaika. Mauaji ni mauaji. Lakini weka idadi hiyo kando ya maelfu waliochinjwa Yerusalemu mwaka 1099, siku Wanamsalaba walipouteka mji, kisha jiulize ni nani kati yao ambaye jina lake limegeuka kuwa neno la kamusi lenye maana ya muuaji.

Wale waliotumwa waliitwa fidai. Hapa Mswahili hahitaji kamusi. Ni mzizi uleule uliotupa neno fidia, kitu kinachotolewa ili kingine kikombolewe. Fidai ni mtu anayejitoa mwenyewe kuwa fidia. Silaha yake ilikuwa kisu, mahali pake mara nyingi palikuwa hadharani, na kwa kawaida hakutoka akiwa hai.

Huko Syria tawi la Wanizari liliongozwa na Rashid al-Din Sinan, na mojawapo ya ngome zake ni Masyaf. Watu wake walijaribu mara mbili kumuua Salahuddin, mwaka 1175 na 1176. Salahuddin akaja kuizingira Masyaf mwaka huo wa 1176, kisha akaondoka na jeshi lake, na baada ya hapo hatusikii tena wakigombana. Tarehe 28 Aprili 1192 ikawa zamu ya Mzungu. Conrad wa Montferrat, aliyekuwa amechaguliwa kuwa mfalme wa Yerusalemu lakini hajatawazwa, aliuawa katika mji wa Tiro na watu wawili waliojifanya watawa wa Kikristo. Ulaya nzima ikasikia habari hiyo.

Mzee wa Mlimani

Wanamsalaba walimpa Sinan jina lililodumu: walimwita kikongwe wa mlimani, kwa Kilatini na kwa Kifaransa. Ukisoma vitabu vya Ulaya unamwona babu mwenye ndevu nyeupe, amekaa kileleni akitoa amri za kuua.

Lakini walikuwa wakitafsiri neno sheikh. Kwa Kiarabu sheikh ni mtu mwenye umri mkubwa, na pia ni kiongozi anayeheshimiwa. Wanamsalaba walishika maana ya kwanza wakaangusha ya pili. Mswahili hangekosea hapo, kwa sababu neno letu mzee hubeba maana zote mbili. Mkenya akisikia "Mzee" anajua kwamba hatuhesabu mvi. Hata kijana wa miaka 35 akiwa bosi ofisini huitwa mzee. Mzee wa Mlimani ni tafsiri nzuri kabisa. Kilatini ndicho kilichoshindwa.

Na kwa muda huko Ulaya neno assassin halikuwa na maana ya muuaji peke yake. Washairi wa kusini mwa Ufaransa walilitumia kusifia utiifu: mpenzi alijifananisha na mfuasi wa yule Mzee, kwamba atafanya lolote analoamriwa na bibi wa moyo wake. Baadaye sifa ya utiifu ikafifia, kisu kikabaki. Dante alipolitumia katika Inferno mwanzoni mwa karne ya 14, lilikuwa tayari jina la muuaji wa kukodiwa, awe wa dini yoyote. Shakespeare naye akaingiza jamaa yake, assassination, katika Macbeth, karibu mwaka 1606.

Habari za majani

Sasa tuje kwenye kiini. Neno assassin linatokana na Kiarabu, kutoka hashishi na ndugu zake wa mzizi huo. Hashishi asili yake ni majani tu, nyasi kavu. Baadaye ikawa jina la dawa ya kulevya itokanayo na bangi. Usishangae: hata mitaani kwetu mtu akisema "majani" kwa sauti ya chini hazungumzii mchicha.

Maandishi ya kale zaidi tunayoyajua yanayowaita Wanizari hashishiyya ni waraka uliotolewa karibu mwaka 1123 na ofisi ya khalifa wa Fatimiya kule Kairo, al-Amir, mtoto wa yule al-Musta'li aliyempokonya Nizar kiti. Yaani ni barua ya upande mmoja wa ugomvi wa familia ukiutukana upande wa pili. Waraka hauelezi kwa nini wanaitwa hivyo, na hausemi kwamba wanavuta au kunywa kitu. Unatupa neno tu, kama tusi ambalo kila mtu anajua ni tusi. (Al-Amir mwenyewe aliuawa na Wanizari mwaka 1130. Ugomvi haukuwa wa maneno peke yake.)

Hebu tufikirie kwa Kiswahili. Mtu akisimama katika mkutano wa mtaa akasema jambo la ajabu, jirani yako atakuuliza, "Huyu amevuta bangi gani?" Je, jirani ana ushahidi? Amemwona akivuta? Hapana. Anasema tu kwamba maneno ya mtu huyo hayana kichwa wala miguu. Sasa chukua kauli hiyo, izike miaka 700, kisha aifukue msomi kutoka nchi nyingine anayejua kila neno lakini hajui jinsi watu wanavyotukanana. Ataandika kwamba katika mtaa huo palikuwa na chama cha wavuta bangi.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1809 msomi wa Kifaransa, Silvestre de Sacy, aliwasomea wenzake jijini Paris makala iliyothibitisha kwamba assassin latokana na hashishi. Kabla yake watu walikuwa wakibahatisha ovyo. Kuhusu neno lenyewe alikuwa sahihi, na wataalamu wengi wanamfuata hadi leo. Lakini alikwenda hatua moja zaidi. Akaona kwamba kama jina ni hilo, basi lazima kweli vijana walipewa hashishi. Mwaka 1818 Joseph von Hammer-Purgstall akatoa historia nzima ya Assassins kwa Kijerumani iliyojaa chuki, nayo ikatafsiriwa na kusambaa.

Ushahidi wa hiyo hatua ya pili uko wapi? Maandishi ya Waismaili wenyewe hayataji dawa. Juvayni, mwanahistoria aliyewachukia sana Wanizari na kuwatukana kwa kila alichopata, hawashtaki kwa hashishi. Kama angekuwa nayo, angeiacha? Tena Juvayni huyo huyo anasimulia kwamba Hassan-i Sabbah aliwaua wanawe wawili, mmoja kwa tuhuma ya mauaji, mwingine kwa kunywa divai. Mtu anayemuua mwanawe kwa ajili ya divai ndiye unayemdhania anagawa hashishi?

Halafu fikiria kazi yenyewe. Fidai alijifunza lugha na tabia za watu wengine, akavaa nguo zao, akaswali au kusali nao, akangoja majuma au miezi hadi nafasi ipatikane. Hiyo ni kazi ya akili iliyotulia. Mlevi hangefika hata langoni.

Bustani ya Marco Polo

Pengo kati ya tusi na ukweli lilizibwa na hadithi, na fundi wake mkubwa ni Marco Polo. Katika kitabu chake Mzee wa Mlimani ana bustani ya siri yenye mito ya divai, maziwa na asali, na wasichana wa kupendeza. Kijana hunyweshwa kitu cha kumlaza, huamkia bustanini, huamini yuko peponi. Kisha hulazwa tena na kutolewa, akaambiwa: ukitaka kurudi, nenda ukamuue fulani.

Ni hadithi tamu. Sasa tufanye hesabu. Marco Polo alizaliwa mwaka 1254. Alamut ilianguka mwaka 1256, wakati yeye yuko Venice, pengine bado anajifunza kutembea. Alipopita Uajemi miaka ya 1270 ngome ilikuwa mikononi mwa Wamongolia. Na kitabu chenyewe alikisimulia mwaka 1298 akiwa gerezani Genoa, akiandikiwa na mfungwa mwenzake Rustichello wa Pisa, ambaye kazi yake ilikuwa kutunga hadithi za mashujaa wa farasi na mapanga. Zaidi ya hayo, Marco Polo hataji hashishi. Ni kinywaji tu. Waliokuja baadaye ndio waliochukua kinywaji cha Marco Polo na jina la de Sacy wakaviunganisha.

Mgongano wa majina

Kila anayependa mafumbo ya maneno ana nadharia yake kuhusu asili ya assassin. Wengine walidhani latokana na jina Hassan. Amin Maalouf, katika riwaya yake Samarkand ya mwaka 1988, alipendekeza asasiyun, watu walioushikilia msingi wa imani. Asas hiyo ndiyo iliyotupa neno letu asasi. Ebu ona: asasi za kiraia zingekuwa na undugu na assassin! Na mimi naweza kuongeza la kwangu. Pwani mwindaji huitwa msasi, na methali yasema msasi haogopi mwiba. Wasasi na assassin zinasikika kama mapacha, maana nazo zinakaribiana. Lakini ni bahati tu, hazina uhusiano wowote.

Waandaaji wa programu tuna jina la jambo hili. Kuna kanuni za hesabu ziitwazo hash, ambazo huchukua data yoyote na kuitoa kama alama fupi. Maingizo mawili tofauti yakitoa alama ileile, tunasema yamegongana. Hassan, asasi, msasi na hashishi zote zinaonekana kugongana kwenye sauti ileile. Tatizo la hash ni kwamba ukiwa na alama peke yake huwezi kurudi nyuma ukajua ingizo lilikuwa lipi. Unahitaji kumbukumbu za njiani. Katika kisa chetu kumbukumbu zipo: ule waraka wa Kairo na maandishi mengine ya Kiarabu yanaandika hashishiyya waziwazi. Ndiyo maana hashishi inashinda na asasi inabaki kuwa wazo zuri.

Na kabla mtu hajauliza, hash ya kompyuta haitokani na hashishi. Inatokana na neno la Kifaransa la kukatakata, jamaa ya shoka dogo.

Tukiwa hapo tumalize na uvumi mwingine maarufu, kwamba Hassan-i Sabbah, Nizam al-Mulk na mshairi Omar Khayyam walisoma darasa moja, wakaapa kusaidiana. Edward FitzGerald aliusambaza mwaka 1859 katika utangulizi wa tafsiri yake ya Khayyam. Nizam al-Mulk alizaliwa mwaka 1018, Khayyam mwaka 1048. Tofauti ni miaka 30. Darasa gani hilo?

Hakukuwa na nakala ya akiba

Kwa nini adui peke yake ndiye aliyesikika muda mrefu hivyo? Jibu ni la kusikitisha, na mtu yeyote aliyewahi kupoteza diski yenye kazi yake atalielewa.

Mwaka 1256 Hülegü, mjukuu wa Chinggis Khan, alikuja na jeshi la Wamongolia. Imamu wa wakati huo, Rukn al-Din Khurshah, akasalimu amri. Alamut ilikuwa na maktaba iliyosifika, yenye vitabu na vyombo vya elimu ya nyota. Juvayni alipewa ruhusa ya kuikagua. Akatoa nakala za Kurani, vitabu alivyoviona vya thamani na baadhi ya vyombo. Vilivyobaki, vile vilivyohusu imani ya Wanizari, vikachomwa moto. Kisha yeye mwenyewe akaandika historia yao.

Kwa lugha yetu, upande mmoja wa data ulifutwa na aliyebaki na kalamu ni mshtaki. Programu ya kuchuja barua taka hujifunza kwa mifano unayoilisha. Ukiilisha malalamiko ya jirani mmoja tu, itamhukumu jirani wa pili kila siku, na itafanya hivyo kwa uhakika kabisa, bila kigugumizi.

Bahati nzuri si kila kitu kiliungua. Jamii za Waismaili kule Badakhshan, Syria, Yemen na India zilificha maandishi majumbani mwao kwa karne nyingi. Katika karne ya 20 watafiti kama Mrusi Wladimir Ivanow walianza kuyachapisha, na mwaka 1977 taasisi ya masomo ya Kiismaili ikaanzishwa London. Mwaka 1994 Farhad Daftary alitoa kitabu kizima kuhusu ngano za Assassins, akaonyesha moja baada ya nyingine zilikotoka.

Kutoka riwaya hadi kidhibiti cha mchezo

Wengi wa rika langu hatukuanzia kwenye vitabu. Tulianzia Assassin's Creed. Mchezo wa kwanza ulitolewa na Ubisoft mwezi Novemba 2007. Ulianza kama mwendelezo wa Prince of Persia, kisha ukageuka kuwa kitu kipya. Waliouunda walichota pia kwenye riwaya Alamut ya Vladimir Bartol, Mslovenia aliyeiandika mwaka 1938 huku madikteta wakiinuka Ulaya.

Mchezo unafanyika mwaka 1191. Ngome ni Masyaf, na adui ni mkuu wa Templars, Robert de Sablé, ambaye kweli alikuwepo. Lakini mahali pa Sinan amekaa mtu wa kubuni aitwaye Al Mualim. Kwa Mswahili hilo ni jina la kawaida kabisa: Mwalimu. Mapema kuna tukio la wafuasi wanaojirusha kutoka mnarani kuonyesha utiifu wao. Hilo nalo ni ngano ya Wanamsalaba, iliyosimuliwa juu ya ziara ya Henry wa Champagne mwaka 1194. Mchezo uliongeza nyasi kavu chini ili shujaa atue salama. Kumbe majani yamerudi tena :-)

Jambo moja mchezo umeligeuza kabisa. Ukishamuua mlengwa wako unakimbia juu ya mapaa, unajificha kwenye nyasi au unaketi benchini kama raia mwema. Fidai wa kweli kwa kawaida hakukimbia. Ukitaka kujua tofauti kati ya mchezo na historia, iko hapo: mmoja ana maisha mengi, mwingine alikuwa na moja.

Hata hivyo mchezo ulifanya jambo ambalo wasomi wa karne ya 19 hawakulifanya. Uliwafanya Assassins kuwa watu wenye sababu zao. Umezaa michezo mingine mingi, filamu ya mwaka 2016 iliyoigizwa na Michael Fassbender, na mwaka 2023 Assassin's Creed Mirage inayokupeleka Baghdad ya karne ya 9 na hadi Alamut kwenyewe. Vijana wengi wamelijua jina Alamut kwa njia hiyo tu.

Kutoka Alamut hadi Moi Avenue

Nasaba ya maimamu haikukatika na ngome. Wanizari waliishi kwa kujificha Uajemi kwa karne nyingi, na mwaka 1866 mahakama kuu ya Bombay ikaombwa iamue kama Aga Khan wa kwanza ana haki juu ya jamii ya Makhoja. Jaji Joseph Arnould aliirudia historia yote, Hassan-i Sabbah na Alamut ikiwemo, kisha akaamua kwamba Aga Khan ndiye mrithi wa maimamu hao. Hebu fikiria: jina la "Assassins" lilisomwa mahakamani katika kesi ya watu wafanyabiashara waliokuwa wakigombania mali ya jamii yao.

Makhoja hao ndio waliovuka bahari kuja Zanzibar, Mombasa na bara. Mwaka 1937 Aga Khan wa 3 alipimwa kwa dhahabu hapa Nairobi. Mwaka 1946 alipimwa kwa almasi Dar es Salaam. Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1958. Gazeti la Taifa Leo, ambalo wengi wetu tulijifunzia kusoma Kiswahili, lilikuwa la kila siku kuanzia mwaka 1960 chini ya kampuni aliyoianzisha Aga Khan wa 4. Yeye alifariki Februari 2025, na mwanawe Rahim akawa imamu wa 50. Na ukipanda matatu ukashukia "Khoja" katikati ya Nairobi, umeshukia karibu na jumba lao la ibada la Moi Avenue, lililojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1920.

Barabara hiyo hiyo, ilipokuwa bado ikiitwa Government Road, ndipo Tom Mboya alipopigwa risasi tarehe 5 Julai 1969. Kiingereza kinasema Mboya was assassinated. Sisi tunasema aliuawa. Tunasema hivyo kwa Pio Gama Pinto mwaka 1965 na kwa J.M. Kariuki mwaka 1975. Nimewahi kusikia watu wakilalamika kwamba Kiswahili ni maskini kwa kuwa hakina neno moja la assassin. Mimi sioni hivyo. Waarabu wenyewe hawalitumii neno hilo. Mauaji ya aina hiyo wao huyaita ightiyal. Kiswahili kikisema muuaji, kinamtaja aliyeua na kuishia hapo. Hakimbebeshi mtu wa dhehebu jingine, wa karne nyingine, damu ambayo si yake.

Nasi Wakenya tunapaswa kuelewa uzito wa jambo hili kuliko wengi. Wapiganaji wa msituni wa miaka ya 1950 walijiita jeshi la ardhi na uhuru. Dunia iliwajua kwa jina Mau Mau, ambalo asili yake inabishaniwa hadi leo. Baadaye watu wakalitafutia maana: Mzungu Aende Ulaya, Mwafrika Apate Uhuru. Ni mchezo mzuri wa herufi, lakini ulitungwa jina likiwa limekwisha kuenea. Kwa jina hilo watu walifungwa na kunyongwa, na chama chenyewe kilibaki kimepigwa marufuku hadi mwaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Wazee wengi walikufa wakiwa bado wanachama wa kitu haramu kisheria, katika nchi waliyoipigania.

Kwa hivyo ukikutana na neno assassin kwenye filamu, kwenye mchezo au kwenye mipangilio ya seva, litumie bila wasiwasi. Limekwisha kuwa neno la wote. Ila ukiona kundi la watu lililo hai limebandikwa jina la kutisha, fungua barua uisome kabla hujaitupa. Angalia kwanza ni nani aliyeandika lile jina, na alikuwa akigombana nao juu ya nini.

Wacha niishie hapo. Chai yangu imepoa.